L kama Lindi

Ukurasa ulifunguka mweupe. Kudra akabonyeza tena, ukafunguka mweupe tena, bila neno, bila mstari, kama shuka lililoanikwa. Nje, jenereta ilikohoa ndani ya banda lake, kioo cha kompyuta kikatetemeka kidogo, na Kudra akadhani labda sasa. Haikuwa sasa.

"Bado?" akauliza Abbasi kutoka kwenye meza ya redio.

"Bado, mzee wangu."

"Labda ina kiu. Vumbi hili la Julai limetukausha sisi watu, sembuse mashine."

Abbasi alikuwa mtu wa Ujiji, umri wa baba yake, na kazi yake hapo ofisini Kasulu ilikuwa kuongea kwa redio ya upepo na ofisi nyingine za shirika. Alipenda utani, na siku nyingine Kudra angemjibu. Siku hiyo alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena. Alikuwa na digrii ambayo wino wake haujakauka vizuri, alikuwa na kazi aliyoipenda mpaka akaiota, na alikuwa na kesho.

Kesho ndiyo iliyomnyima raha. Kesho, Ijumaa, malori ya watoto yangetoka Kibondo alfajiri, yapite Kasulu kabla ya adhuhuri, na kuendelea kusini kwenye kambi mpya. Walikuwa watoto waliovuka mpaka kutoka Burundi wakapotezana na watu wao, na mpaka mwaka huo wa tisini na tisa hakuna ndugu aliyejitokeza. Huko kusini wangepewa walezi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtoto anahitaji mtu wa kumwambia anawe miguu kabla ya kulala. Lakini akishapewa nyumba nyingine na jina la ukoo mwingine, kumtafuta tena ni kama kutafuta nyayo mtoni.

Na huenda mmoja wao alikuwa mdogo wake Esteri.

Esteri alikuwa mkalimani wa ofisi, Mrundi, rika moja na Kudra, na siku hiyo hapakuwa na mtu wa kumtafsiria. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani, asiulize kitu. Laiti angeuliza. Kule kunyamaza kwake kulimchoma Kudra mgongoni kuliko swali lolote.

Miaka kadhaa nyuma Esteri na watu wa kwao walivuka mpaka karibu na Mabamba, watu wengi wakisukumana kwenye majani marefu, na mdogo wake, Felisiani, alikuwa amemkumbatia kuku. Aliambiwa amwache, akakataa. Esteri alimshika mkono. Kuku akapapatika, mtoto akauchomoa mkono ili amshike kuku vizuri, na watu wakapita katikati yao. Basi. Esteri alimsimulia Kudra habari hiyo siku moja wakila mchana, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akasema maharage yamezidi chumvi.

Kazi ya Kudra ilikuwa kuiwezesha mashine ya Kasulu kumtafuta mtoto kama huyo. Zamani majina yalikaa kwenye makaratasi, na siku ya mkutano wa kambi mtu alipanda juu ya pipa akayasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, watu wakitega masikio. Sasa shirika lilitaka mtu afungue ukurasa kwenye kompyuta, aandike jina, aone jibu. Kurasa hizo zilijengwa juu ya kitu ambacho Kudra na mwenzake Tharsisi walikiita kiunzi. Mtu wa Kasulu haelezwi mara mbili: kabla ya kukandika udongo unasimamisha nguzo, unafunga fito. Hiyo bado si nyumba, lakini bila hiyo udongo utaukandika wapi? Kiunzi kikisimama, ukurasa wa kutafuta, wa kuandikisha na wa kuchapa, zote zinapata pa kushikilia.

Shida ni kwamba kiunzi kimoja kilitakiwa kusimama kwenye viwanja viwili visivyofanana. Ofisi ya Kibondo ilikuwa na seva ya Windows. Ya Kasulu ililetewa seva ya Linux na mfadhili mwingine, ambaye bila shaka hakuwahi kuongea na yule wa kwanza. Chuoni waliambiwa programu ya namna hii haijali imewekwa wapi. Tharsisi, kijana wa Gwarama aliyesoma naye darasa moja Dar es Salaam, alipelekwa Kibondo, akakisimamisha kiunzi upesi, na kutangaza redioni kwa sauti ya mtu aliyetoka kufunga ndoa. Kudra akapewa Kasulu, mji aliozaliwa, ambako duka la baba yake lilikuwa mtaa wa pili na kila mteja alijua kwamba binti wa Abdulrahmani amerudi kutengeneza kompyuta.

Ila seva yake ilikuwa na makuu. Faili ambalo Tharsisi aliliandika kwa herufi kubwa na kuliita kwa herufi ndogo, seva ya Kibondo ililiitikia bila neno. Ya Kasulu ilijibu kwamba haimjui mtu huyo. Jumanne nzima Kudra alishinda akibadili herufi kubwa kuwa ndogo. Jumatano akagundua kwamba seva yake inataka kiunzi kikae kwenye folda tofauti kabisa na ile ya Kibondo, akakihamisha. Kila alipoondoa kikwazo alijiambia hiki ndicho cha mwisho, akafungua ukurasa, na ukurasa ukawa mweupe.

Kisha kulikuwa na ile disketi iliyofia njiani. Disketi za majina zilifika salama, na hata watoto wa msafara walikuwamo. Kiunzi chenyewe nacho kilifika, kimefungwa katika faili moja kama robota lililoshonwa. Lakini disketi ya mipangilio, ile inayoiambia seva kitu gani kiko wapi ndani ya robota, ilifika vumbi tupu, haisomeki. Ikabidi Tharsisi amsomee mipangilio redioni, mstari kwa mstari, huku Kudra akiandika. Redio ilikoroma, betri ililalamika, wakafanya haraka. Baadaye Kudra alipitia alichoandika mara nyingi mpaka macho yakauma. Hakuona kosa. Angeweza kuapa.

"Dada Kudra," Esteri alisema hatimaye, jua likishuka, "nenda nyumbani ukale. Mashine haitakimbia."

"Malori ndiyo yatakimbia."

"Tulishauliza Kibondo. Walisema hayupo."

Ni kweli, walishauliza. Jumatatu Kudra mwenyewe alishika kipaza sauti cha redio akamtajia Tharsisi jina herufi kwa herufi, kama inavyotakiwa, ili pasiwe na makosa. F kama Fatuma. E kama Esteri. L kama Lindi. I kama Iringa. Hadi mwisho. Tharsisi akatafuta kwenye mashine yake, akarudi, akasema Felisiani Nsabimana hayumo, pole sana, ova. Esteri aliyekuwa amesimama hapo alisema tu asante.

"Jumatatu majina ya msafara yalikuwa hayajaingizwa," Kudra akasema. "Sasa yamo humu kwangu, kwenye hii hii. Nikiifungua nitatafuta upya."

"Na ukimpata, yule mama atakubali?"

Yule mama alikuwa Mwanaheri, msimamizi wa msafara, aliyepita ofisini juzi na kuweka masharti yake mezani kabla hata ya kunywa chai. Hashushi mtoto kwa machozi ya mtu, alisema, maana machozi hata mwizi wa watoto anayo. Aletewe karatasi iliyotoka kwenye mashine, yenye namba ya mtoto, jina lake, jina la mama na mlima wa nyumbani kwao, na ndugu aseme hayo hayo kwa kinywa chake bila kuangalia. Kudra aliona ni haki. Aliona pia kwamba karatasi haipiti redioni, hata Kibondo wakimpata mtoto; ilikuwa upande wa pili wa ukurasa mweupe.

"Atakubali," akasema. "Tukiwa na karatasi."

Abbasi akazima jenereta, wakaenda makwao.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya milimani inayomfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Kudra alifika akiwa amevaa sweta la baba yake. Esteri alikuwa amekwisha kufika, yuko kwenye benchi lile lile, amevaa kitenge kipya. Kudra alikiona kitenge akageuza macho haraka. Mtu havai kitenge kipya kuja kuambiwa hapana.

Redio ikakwaruza.

"Kasuru, Kasuru, hapa Kibondo. Mnanipata? Ova."

"Tunakupata, Kibondo," Abbasi akajibu. "Umeamkaje, kijana? Ova."

"Sarama, shikamoo mzee. Marori yametoka tangu arfajiri. Yanakuja kwenu. Ova."

Kudra alikuwa amekwisha kumfikia Abbasi, akakichukua kipaza sauti.

"Tharsisi, nisomee tena mipangilio. Yote, polepole. Ova."

"Binti Abdurahmani, hata saramu? Huko pwani warikufundisha hivyo? Ova."

"Nimelala vibaya, Tharsisi. Soma. Ova."

Akasoma. Kudra alifuata kwa kidole kwenye kioo. Mstari wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Njia ya kwenye folda ya majina, sawa. Namba ya mlango wa mtandao, sawa. Abbasi alikuwa ametoka kwenda kuongeza mafuta kwenye jenereta, na kupitia mlango uliobaki wazi ilionekana barabara, nyekundu na tupu.

"Harafu maombi yote yanapitia forda ya irembo," Tharsisi akasema. "Ova."

"Ilembo, sawa. Endelea. Ova."

"Ndiyo hiyo, irembo. Mstari unaofuata—"

"Subiri," Kudra akasema. Hakujua kwa nini amesema. Alijikuna shingo, akaangalia neno hilo kwenye kioo. Maneno mengine yote ya mipangilio aliyafahamu, ya Kiingereza au ya Kiswahili, na kama angeyakosea angeona. Hili lilikaa hapo kama mgeni aliyekaribishwa bila kuulizwa jina. "Tharsisi, hilo neno maana yake nini? Ova."

Redio ikakoroma. Kisha kicheko.

"Wewe si umezariwa Kasuru? Irembo huijui? Pare unapoingiria uani kwa watu, kabra hujafika nyumba yenyewe. Kira ombi rinaingia hapo kwanza, ndiyo maana nikariita hivyo. Niriona kitu chetu na sisi kiwemo humo ndani, siyo Kiingereza tupu. Ova."

Kudra aliijua. Aliijua tangu utoto, kutoka kwa bibi mmoja wa Heru Juu alikokuwa akitumwa kununua maharage, ambaye alimwambia asimame kwenye irembo mpaka mbwa afungwe. Lakini hakuwahi kuiandika, wala hakuwahi kuisikia sawasawa.

Alipokuwa darasa la pili, mwalimu alimsimamisha mbele. Mama yake Kudra alikuwa mtu wa pwani, na Kiswahili cha nyumbani kwao kilikuwa kimenyooka. Kudra, waambie wenzako, lala. Wenzake, watoto wa Kiha, wakasema rara. Kudra, waambie, lori. Wakasema rori. Mwalimu akacheka, wenzake wakacheka kwa aibu, naye Kudra akasimama pale mbele amejaa fahari mpaka miguu ikamwasha. Tangu hapo sikio lake likawa linanyoosha. Mtu akisema rori yeye alisikia lori, na hakujua kwamba kuna kitu amekibadilisha. Ilikuwa imekuwa kama kupumua.

"Nitajie herufi," akasema. "Ya pili ni nini? Ova."

"R."

"R kama nini, Tharsisi?"

"R kama Ruvuma. Wewe uriandika nini?"

"L," Kudra akasema. "L kama Lindi."

Kicheko cha Kibondo kilikuwa kirefu mpaka Abbasi akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Mbona hukuiita tu mlango?" Kudra akauliza, naye akiwa anacheka sasa.

"Ningeiita mrango ungenisahihisha pia. Haya, badirisha uone. Mimi wanataka redio hii kwa ajiri ya msafara, naondoka hewani. Msarimie Esteri. Ova na basi."

Kudra akafuta herufi moja, akaweka nyingine, akaiwasha seva upya. Ilichukua muda wake, ikihesabu mambo yake ya ndani. Esteri alikuwa ameinuka kwenye benchi. Kudra akabonyeza.

Ukurasa ulifunguka na maandishi. Juu, kwa herufi nene za buluu walizozichagua wao wenyewe chuoni wakibishana wiki nzima: TAFUTA NDUGU. Chini yake kisanduku cha kuandikia jina. Kiunzi kilikuwa kimesimama Kasulu.

"Esteri, njoo," akasema. "Njoo ukae hapa."

Esteri hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti akakishika kwa mikono miwili. Kudra akaandika: Felisiani Nsabimana. Akabonyeza.

*Hakuna jina hilo.*

Nje jenereta ilikohoa. Kudra akaandika tena, pengine ameruka herufi. *Hakuna jina hilo.* Akaandika Felisiani peke yake. Hakuna. Alisikia mikono ya Esteri ikiachia kiti.

"Asante, dada Kudra," Esteri akasema. "Umejitahidi."

Alikuwa ameanza kurudi kwenye benchi. Kudra alibaki ameangalia kioo, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba mashine haikuwa na kosa. Ilikuwa inafanya kazi. Iliangalia herufi moja moja, ikasema kweli. Mtu aliyesimama juu ya pipa na kusoma majina alikuwa akiwasomea watu wenye masikio, na sikio la ndugu husamehe. Likipelekewa nusu ya jina linajaza nusu nyingine. Mashine haina sikio. Ina herufi ilizoandikiwa na mtu mwenye sikio lake.

Mtu gani?

"Esteri," akaita, na sauti ikamtoka ndogo. "Niambie jina la mdogo wako."

Esteri alimtazama kama mtu aliyechokozwa. "Unalijua."

"Niambie kama mnavyoliita nyumbani."

"Ferisiani."

"Tena."

"Ferisiani," Esteri akasema, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane Kudra alilisikia. Lilikuwa hapo muda wote. Alikuwa ametamkiwa jina hilo wakila maharage, wakifagia ofisi, wakisubiri mvua, na kila mara alikuwa amelipokea, akalinyoosha, akaliweka mahali pasipo pake.

"Jumatatu nilipotaja herufi redioni ulikuwa umesimama hapa. Ulisikia nasema L."

"Nilisikia."

"Mbona hukuniambia?"

Esteri alishusha macho kwenye kitenge chake. "Nilifikiri ndivyo linavyoandikwa kwa Kiswahili. Mimi nikiandika, watu wa hapa hunisahihisha kila siku. Nikasema, huyu amesoma, amelirekebisha."

Kudra akairudia mashine, akafuta ile L. Akaandika R. Akabonyeza.

Majina yalishuka kwenye kioo, Ferisiani wa hapa na Ferisiani wa kule, na katikati yao mmoja.

"Mama yako anaitwa nani?" Kudra akauliza, akiziba kioo kwa kiganja.

"Mariya Ininahazwe."

"Mlima?"

"Nyamugari."

Kudra akaondoa kiganja. Esteri alisoma kwa midomo, bila sauti. Alisoma jina la mama yake, akasoma jina la mlima, kisha akafika kwenye mstari wa mwisho, ule ulioingizwa baada ya Jumatatu: *Msafara wa Ijumaa, lori la tatu.*

Printa ilianza kugonga kama cherehani ya fundi mwenye haraka ya sikukuu. Ilikuwa printa ya pole, ya kupita mstari kwenda na mstari kurudi, na Kudra aliishika pembeni kana kwamba angeweza kuisukuma. Ilikuwa imefika jina la mama wakati Abbasi alipochungulia tena.

"Mwanangu," akasema, "vumbi limeinuka kule kwenye kona."

"Mzee, wazuie."

"Niwazuie na nini? Na fimbo?"

"Na chochote. Simama barabarani."

Abbasi alikuwa mtu wa heshima zake, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, na hakuwahi kuonekana akikimbia mjini Kasulu. Alikimbia. Kudra akachana karatasi kabla printa haijamaliza kuivuta, akamshika Esteri mkono, wakatoka.

Gari la mbele lilikuwa limesimama huku limepinda, na Mama Mwanaheri alikuwa ametoa kichwa dirishani akimwuliza Abbasi kama amechoka kuishi. Nyuma yake malori yalipanga mstari, yakinguruma. Kudra alimpa karatasi.

Mama Mwanaheri alisoma. Alisoma kila neno, kama alivyosema atasoma. Kisha akaikunja ili isionekane, akamtazama Esteri.

"Mama?"

"Mariya Ininahazwe."

"Nyumbani kwenu?"

"Nyamugari."

"Mtoto?"

Esteri akanyoosha mgongo. "Felisiani," akasema. "Felisiani Nsabimana."

Mama Mwanaheri akafungua karatasi akaitazama tena. Kipaji cha uso kikajikunja.

"Hapa pameandikwa jingine."

"Ni kosa langu mimi," Kudra akasema. "Yeye hajakosea, anasema kwa ajili yetu. Anatusahihishia. Esteri, liseme kama ulivyoniambia mle ndani."

"Ferisiani," Esteri akasema, kwa sauti isiyosikika vizuri.

Mama Mwanaheri alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alikuwa amefanya kazi kwenye kambi za Kibondo kwa muda mrefu, na labda hakuwa anasikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. "Lori la tatu," akasema. "Twende wote. Na injini zisizimwe, tumechelewa."

Walipanda kwa nyuma, kwenye ngazi ya chuma. Turubai liliinuliwa. Watoto walikuwa wamekaa wamebanana kwenye mifuko yao, na vumbi la njia nzima kutoka Kibondo lilikuwa limewafanya wote wekundu, nyusi, nywele, masikio, hata usingeweza kusema huyu ni nani na yule ni nani. Esteri alipitisha macho toka mwanzo hadi mwisho, akarudia. Kudra aliona kwamba hamtambui. Miaka ilikuwa imepita, na mtoto hakui kwa kufuata kumbukumbu ya mtu.

"Felisiani," Esteri akaita.

Hakuna aliyesogea. Watoto walimtazama kama walivyozoea kuwatazama wakubwa wanaosimama mbele yao na kusema mambo.

"Mwite kama nyumbani," Kudra akamnong'oneza. "Mwite kama mpo kwenye irembo na ugali umeiva."

Esteri akavuta pumzi. Sauti iliyomtoka Kudra hakuwahi kuisikia pale ofisini, ilitoka chini, ikapanda na kubembea mwishoni.

"Ferisi. Weee, Ferisi."

Vichwa viwili viliinuka. Mmoja alikuwa mtoto mdogo sana, akashusha kichwa tena. Wa pili alikuwa kijana mrefu mrefu mwenye shati lililopungua mikono, amekaa kwenye kona karibu na boksi la biskuti, na hakushusha. Alimkazia Esteri macho. Hakutabasamu wala hakuinuka. Alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali na kuogopa kwamba akijitikisa kitaacha kusikika.

Esteri alimwuliza jambo kwa Kirundi. Halikuwa jina la mama wala jina la mlima. Kudra, ambaye alielewa nusu, alishika neno moja tu, *inkoko*, na kwa neno hilo akajua swali zima: yule kuku yuko wapi?

Uso wa kijana ukaanza kuvunjika, kidogo kidogo, kuanzia mdomoni. Alijifuta kwa mkono, vumbi likawa tope. Akamtazama Mama Mwanaheri, akamtazama Kudra, wageni hawa wenye karatasi, akaona labda kesi hii inatakiwa ijibiwe kwa Kiswahili ili wote waelewe.

"Warimura," akasema. "Watu warimura yure kuku, kure njiani." Kisha akasimama, akishika kichwa cha mtoto wa mbele yake ili asianguke, na kumwambia dada yake kwa uchungu wa mtu aliyebeba lawama hiyo muda mrefu bila pa kuitua: "Mimi sikura."

Na Kudra, aliyekuwa ameshika turubai wasije wakafungiwa ndani, alilisikia neno hilo kama lilivyotoka.